Mchumia Juani: Dhana ya Uchumi na Hatima ya Pareto Katika Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Methali 'Mchumia juani hulia kivulini' imefunzwa katika shule zetu kwa miaka mingi kama wosia wa bidii: atokwaye na jasho leo atastarehe kesho. Mwanafunzi wa mofolojia, hata hivyo, hawezi kuipita hivi hivi. Kitenzi 'hulia' kinaweza kudaiwa na mizizi miwili. Wa kwanza ni '-la', kitenzi cha silabi moja ambacho kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea huwa '-lia', yaani kula mahali fulani. Wa pili ni '-lia' yenye maana ya kutoa machozi. Jamii iliyoitunga methali hii ilikusudia maana ya kwanza, na hilo halina ubishi. Lakini sarufi haiizuii ya pili. Mtu anaweza kuchumia juani, kisha akaenda kivulini kulia machozi.

Makala haya yananuia kuutumia utata huo kuchunguza swali ambalo limewashughulisha wachumi na watunga sera kwa muda mrefu: nchi zinazoendelea zifanyeje ili uchumi wao ukue kwa miaka mingi mfululizo, na ukuaji huo uwafikie wengi? Mfano wetu ni pareto, zao lililolimwa Molo, Elburgon, Njoro, Mau Narok na Kuresoi na kusindikwa mjini Nakuru. Tumelichagua kwa kuwa ni mojawapo ya mazao machache ambayo kwayo Kenya iliwahi kuongoza ulimwengu mzima, kisha ikaupoteza uongozi huo mbele ya macho ya kizazi kimoja. Tunashikilia kuwa kilichokatika hakikuwa rutuba ya udongo wala bidii ya mkulima. Kilichokatika ni kiungo baina ya kuchuma na kula.

Kuchuma na Uchumi

Nomino 'uchumi' imetokana na kitenzi 'chuma'. Maana ya msingi ya kitenzi hiki ni kuondoa kwa mkono tunda, ua, jani au mboga kwenye mmea. Maana yake ya pili ni kupata mali au faida kwa kazi au biashara, ndiposa tukasema kuwa fulani 'amechuma mali'. Lugha nyingi za Ulaya zilichukua neno lao la uchumi kutoka Kiyunani, ambako lilihusu usimamizi wa nyumba. Kiswahili hakikuanzia kwa msimamizi. Kilianzia kwa mkono unaochuma.

Kutokana na shina hilo tuna 'mchumo', 'mchumaji' na 'mchumi'. Mchumaji ni yule aliyeinama shambani na kikapu chake. Mchumi, katika matumizi ya leo, ni msomi anayechunguza jinsi mali ya nchi inavyozalishwa na kugawanywa. Kinachoyatenganisha maneno haya mawili ni viambishi tamati tu, ilhali watu wanaotajwa nayo huenda wasikutane maishani mwao.

Tuliangalie pia neno 'ukuaji'. Kitenzi 'kua' si elekezi, hakichukui yambwa. Tunaposema 'uchumi umekua' hatumtaji mtenda yeyote zaidi ya uchumi wenyewe, kana kwamba ni mgomba uliojiotea nyuma ya nyumba. Kitenzi 'kuza', ambacho ni cha kutendesha, kinatulazimisha kuuliza: nani aliyeukuza, na baada ya kuukuza alipata nini? Ripoti za serikali na za mashirika ya fedha hupenda kitenzi cha kwanza. Huenda si hila. Huenda ni mazoea ya uandishi. Hata hivyo, mazoea hayo humwondoa mchumaji katika sentensi.

Pareto Ilivyochumwa

Pareto ililetwa nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwanzoni ilikuwa zao la walowezi. Haipendi joto. Hustawi katika nyanda za juu, zipatazo mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa baridi ndiyo huichochea kutoa maua. Ndani ya ua, hasa katika vijimbegu vyake, mna kemikali ziitwazo pairethrini ambazo huua wadudu upesi na kuoza upesi kwenye mwanga, kwa hiyo hazidumu katika mazingira. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkuu. Vita vilipofunga njia ya bidhaa za Japani, majeshi ya Uingereza na Marekani yaligeukia Kenya ili kupata dawa ya kukabili chawa na mbu, na kilimo cha pareto kikapanuka kwa kasi.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika wengi zaidi mlango wa kulima mazao ya kuuza, pareto ikiwa mojawapo. Baada ya uhuru, mashamba makubwa yalipogawanywa na walowezi wengi kuondoka, zao hili likawa la mkulima mdogo. Lilimfaa mno. Halikuhitaji mashine. Familia yenye ekari moja au mbili iliweza kulipanda, na likishaanza kutoa maua lilichumwa kila baada ya wiki mbili au tatu kwa miezi mingi ya mwaka. Wachumaji wengi walikuwa wanawake na watoto. Maua yalianikwa juani juu ya mikeka au vitanda vya nyavu hadi yakauke kabisa. Takriban kilo nne za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya maua makavu. Katika pareto, basi, 'mchumia juani' si tamathali ya usemi. Maua yalichumwa juani, yakakaushwa juani, na mvua ya ghafla ingeweza kuharibu kazi ya siku kadhaa.

Kutoka hapo gunia lilipelekwa kwenye chama cha ushirika, kisha kwenye kiwanda cha Bodi ya Pareto mjini Nakuru. Kwa miaka mingi Bodi hiyo ilikuwa na ukiritimba: hakuna mwingine aliyeruhusiwa kununua wala kusindika. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya ilikuwa ikitoa zaidi ya theluthi mbili ya pareto yote iliyouzwa duniani, na soko lake kubwa lilikuwa Marekani. Hapa palikuwa na mambo yote ambayo wataalamu wa maendeleo huyaombea nchi maskini: zao la kuuza nje, kiwanda cha kuliongezea thamani papo hapo, na maelfu kwa maelfu ya familia ndogo ndogo zikishiriki. Ukuaji ulikuwa jumuishi kabla neno hilo halijawa la mikutano.

Malimbikizo

Msomaji atauliza: basi kulitokea nini? Maelezo yaliyozoeleka ni mengi na mengine yana ukweli. Dawa za kutengenezwa maabara zinazoiga pairethrini zilikuwa rahisi kuliko pareto ya asili. Jimbo la Tasmania nchini Australia lilianza kulima pareto na kuivuna kwa mashine, likawahakikishia wanunuzi shehena isiyoyumba. Aidha, hatuwezi kuisahau damu iliyomwagika Molo mwaka 1992, na Molo, Kuresoi, Nakuru na Naivasha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Aliyefukuzwa shambani hachumi.

Hata hivyo, sababu hizo hazitoshi kueleza ni kwa nini wakulima ambao hawakufukuzwa na yeyote waliing'oa pareto kwa mikono yao wenyewe. Waliing'oa kwa sababu hawakulipwa. Malipo yalichelewa kwa miezi, kisha kwa miaka, hasa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bodi ikizidi kuzama katika madeni. Palipokuwa na pareto pakapandwa viazi na mahindi, au pakafungwa ng'ombe wa maziwa. Kiwanda kilichojengewa mavuno ya nchi nzima kikabaki na kazi ya msimu mfupi. Tasmania ikawa mzalishaji mkuu, na sehemu ya Kenya katika soko la dunia ikawa ndogo mno.

Hapa lugha inatusaidia tena. Kitenzi 'limbika' hutumiwa kwa kitu kinachosubiriwa kiongezeke au kiive. Kutokana nacho tuna 'ulimbikizaji wa mtaji', istilahi ambayo wachumi wanaitumia kueleza chanzo cha ukuaji: akiba hujikusanya, huwekezwa, huzaa zaidi. Kutokana nacho pia tuna 'malimbikizo', neno letu la malipo ambayo hayajatolewa. Shina ni lile lile, lakini tazama akiba iko mikononi mwa nani. Fedha ambazo zingelimbikizwa nyumbani kwa mkulima wa Elburgon, zikawa ng'ombe, mabati au karo ya shule, zilikuwa malimbikizo katika vitabu vya hesabu mjini. Kwa hakika mkulima alikuwa amelikopesha shirika la umma bila riba, bila mkataba wa mkopo, na bila kuulizwa. Hakuna nadharia ya ukuaji, iwe ya mrengo wa kushoto au wa kulia, inayopendekeza kwamba maskini ndiye awe benki.

Wapo wanaodai kwamba chanzo ni umiliki wa serikali wenyewe, na kuwa soko huria lingeponya kila kitu. Tunaitilia shaka hoja hiyo kwa sababu ya chai. Chai, kama pareto, huchumwa kwa mkono na wakulima wadogo wa nyanda za juu. Mamlaka ya Ustawishaji wa Majani Chai, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa nayo shirika la umma hadi ilipobinafsishwa mwaka 2000. Lakini desturi yake ilikuwa kumlipa mkulima kiasi fulani kila mwezi kulingana na kilo alizopeleka, kisha bonasi mwishoni mwa mwaka, na hatimaye wakulima wakawa wenye hisa katika viwanda. Wakulima wa chai wana malalamiko yao, tena si haba, kuhusu bonasi na uongozi. Hata hivyo hawakuing'oa michai yao kwa wingi. Mwezi haukupita bila kitu cha kula kivulini.

Jingine lililoitofautisha pareto ni kipimo. Bei ya maua haikutegemea uzito peke yake bali pia kiwango cha pairethrini, na kiwango hicho hakionekani kwa macho wala hakihisiwi kwa vidole. Hupimwa katika maabara. Mkulima alitoa gunia akijua uzito wake. Thamani yake aliambiwa baadaye na yule yule aliyekuwa akilinunua. Si lazima mpimaji awe mdanganyifu ili mpango kama huo uzae shaka. Inatosha kwamba muuzaji hana njia ya kuhakiki. Mwenye shaka huvumilia anapolipwa kwa wakati. Malipo yakichelewa, shaka hugeuka chuki.

Waridi, Mvuke na Takwimu

Je, Bonde la Ufa la kati halijapata vyanzo vipya vya ukuaji? Limepata. Kandokando ya Ziwa Naivasha kumestawi mashamba ya maua yanayopeleka waridi Ulaya kwa ndege. Maua hayo nayo huchumwa, na wachumaji wengi ni wanawake, lakini tofauti ni kubwa. Mchumaji wa pareto alikuwa mwenye shamba. Mchumaji wa waridi ni kibarua au mwajiriwa. Hulipwa kila mwezi, jambo ambalo mwenzake wa Molo alilikosa, ila hana usemi kuhusu kitakachopandwa wala kitakakouzwa. Udhaifu wa hali hiyo ulidhihirika Machi 2020, janga la korona lilipofunga masoko ya Ulaya: maua yalitupwa kwa wingi na wafanyakazi wakapelekwa nyumbani, wengi bila malipo. Huko Olkaria, mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kazi mwaka 1981 ukiwa na megawati 15, na leo mvuke ndio chanzo kikuu cha umeme nchini. Ni fanaka ya kweli. Ajira za kudumu inazotoa, hata hivyo, ni chache, na Wamaasai waliohamishwa mwaka 2014 kupisha upanuzi wa mitambo waliwasilisha malalamiko yao hadi Benki ya Dunia. Mjini Nakuru kwenyewe, kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa mwaka 2014 baada ya kushindwa kuhimili bidhaa rahisi kutoka nje.

Mwaka huo huo wa 2014 lilitokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa lugha na wa uchumi angefaa kulitafakari. Mwezi wa Septemba, takwimu za taifa zilikokotolewa upya kwa kubadilisha mwaka wa msingi kutoka 2001 hadi 2009. Ukubwa wa uchumi wa mwaka 2013 ukaongezeka kwa takriban asilimia 25, na Kenya ikaingia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha daraja la chini. Hesabu hizo hazikuwa za uongo. Zilinasa shughuli ambazo awali hazikuhesabiwa vyema. Lakini uchumi 'ulikua' bila ua moja zaidi kuchumwa. Kitenzi kisicho elekezi kilifika kilele chake.

Tusidhani kwamba suala la nani anufaike lilisahauliwa na waasisi. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, ulioandaliwa chini ya Tom Mboya, ulilijadili wazi. Uamuzi wake ulikuwa kuelekeza fedha za maendeleo katika maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na miundombinu, kwa matumaini kwamba mapato yake yangesambazwa baadaye kwingineko. Maeneo kame ya kaskazini yalilipia uamuzi huo kwa miongo mingi, na mgao kwa kaunti 47 uliowekwa na Katiba ya 2010 ni jaribio la kuurekebisha. Ila Molo na Njoro zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopendelewa. Zilikuwa na mvua, reli, barabara na kiwanda. Pareto inatufunza kuwa ujumuishi si suala la ramani tu. Mtu anaweza kuishi ndani ya eneo lililopendelewa na bado akaachwa nje ya mchumo wake.

Mwaka 2008, Tume ya Ukuaji na Maendeleo iliyoongozwa na mchumi Michael Spence ilibainisha nchi 13 tu ambazo, tangu mwaka 1950, uchumi wao ulikuwa umekua kwa wastani wa asilimia 7 au zaidi kwa miaka 25 au zaidi. Kutoka Afrika ilikuwepo Botswana peke yake. Mwaka huo huo Kenya ilizindua Ruwaza ya 2030 iliyolenga ukuaji wa asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka 2007 ulikuwa umekaribia asilimia 7. Mwaka 2008, baada ya ghasia zilizowafanya watu kuchinjana Nakuru na Naivasha, ukaporomoka hadi chini ya asilimia 2. Kwa muda mrefu swali letu limekuwa namna ya kufikia asilimia hizo. Tunadhani swali la kutangulia ni kwa nini yale tuliyokwisha kuyafikia hayadumu. Nchi iliyowahi kushika zaidi ya theluthi mbili ya soko la dunia haikuwa na upungufu wa ujuzi wa kukua. Ilipungukiwa na ujuzi wa kulipa.

Istilahi za Mkataba

Sheria ya Pareto ya mwaka 2013 iliondoa ukiritimba na kuwaruhusu wasindikaji wa kibinafsi. Tangu hapo serikali ya kaunti ya Nakuru imegawa miche kwa wakulima, na makampuni yamekuwa yakitia saini mikataba nao. Hili ni jema. Hatari iliyopo ni kuwa mkulima atatoka mikononi mwa mnunuzi mmoja wa umma na kuingia mikononi mwa mnunuzi mmoja wa kibinafsi, akiwa bado hajui ua lake limepimwaje.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoingia. Sheria tuliyoitaja imeandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hizi mbili zikisomwa pamoja, haitoshi mkulima wa Mau Narok kusomewa mkataba kwa mdomo na afisa aliyekuja kuchukua sahihi yake. Anastahili kuwa nao, kwa lugha anayoielewa, nyumbani kwake.

Kazi yenyewe si nyepesi, nasi tusijidanganye kuwa ni ya kutafsiri tu. Je, matokeo ya maabara tuyaite 'kipimo cha pairethrini' au 'kiwango cha pairethrini'? La kwanza ni tendo, la pili ni tokeo, na mkataba unaoyachanganya unaweza kumnyima mkulima haki ya kudai upimaji wa pili. 'Malipo ya awali' yatofautishwe vipi na 'mkopo', iwapo kampuni imetoa miche na itakata gharama yake baadaye? 'Daraja' litumike kwa ubora wa maua au kwa kundi la wakulima? Na 'malimbikizo' yaelezwe yaanze kuhesabiwa siku ya ngapi baada ya gunia kupokelewa, na yatozwe riba gani.

Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, katikati ya nchi iliyokuwa ya pareto. Ukusanyaji wa istilahi hizi unaweza kuanzia papo hapo na katika vijiji vya Molo na Elburgon, kwa kuwahoji wazee waliochuma pareto kabla haijang'olewa, maana huenda bado wanakumbuka majina ambayo wao wenyewe waliyapa madaraja ya maua, mizani na stakabadhi.